Terabaiti ya mfuto, terabaiti ya tele

Diski ya nje imeandikwa 1 TB. Mwenye nayo anaichomeka kwenye kompyuta ya Windows, anasoma GB 931, na papo hapo anaamini kauziwa feki. Mafundi wa kompyuta wamelizoea lalamiko hili, na wengi hujibu tu, "Ndivyo zilivyo." Jibu hilo halitoshi. Aliyetoa pesa yake anastahili kuonyeshwa hesabu, na hesabu yenyewe waliijua wapima nafaka wa zamani: kibaba cha mfuto hukatwa juu kikawa sawa na ukingo, kibaba cha tele huachwa na kilima chake. Jina ni kibaba, nafaka si sawa.

Mtengenezaji wa diski hupima kwa mfuto. Kilobaiti yake ni baiti 1,000, na kila ngazi inayofuata ni mara 1,000 ya iliyo chini yake. Windows hupima kwa tele, kila ngazi mara 1,024, kwa kuwa kompyuta huhesabu kwa mbili, na mbili kumi zikizidishwa pamoja huzaa 1,024. Basi chukua baiti 1,000,000,000,000 za kwenye boksi, gawanya kwa 1,073,741,824, ambayo ni gigabaiti ya tele. Unapata 931. Hakuna baiti hata moja iliyoibwa.

Mkanganyiko huu una umri sawa na diski yenyewe. Diski ngumu ya kwanza kuuzwa duniani, IBM 350 ya mwaka 1956, ilikuwa kabati lenye sahani 50 za upana wa sentimita 61 kila moja, na uzito uliozidi tani. Husemwa ilibeba MB 5. Kwa kweli ilibeba herufi milioni 5, na kila herufi ilikuwa na biti 6 badala ya 8 tulizozizoea leo. Ukizibadili kuwa baiti za sasa unapata milioni 3.75. Picha moja ya simu nzuri inaweza isienee humo. Na mwaka huohuo wa 1956 ndipo Werner Buchholz, mhandisi wa IBM, alipobuni neno lenyewe, baiti.

Lakini kama kuna kipimo kilichovurugwa kuliko vyote, ni cha ile disketi ya inchi 3.5 iliyoandikwa 1.44 MB. Ilikuwa na pande 2, njia 80 kila upande, vipande 18 kila njia, baiti 512 kila kipande. Zidisha: baiti 1,474,560. Kwa mfuto hiyo ni MB 1.47. Kwa tele ni MB 1.41. Ile 1.44 imetoka wapi? Walioiandika waligawanya kwanza kwa 1,024 wakapata 1,440, kisha wakaigawanya hiyo kwa 1,000. Kilobaiti ya tele ikapandishwa kuwa megabaiti kwa mfuto! Dunia nzima ikaisoma lebo hiyo kwa miaka mingi, na namba yake haikuwa sahihi kwa kipimo chochote kati ya viwili.

Pengo nalo hukua kadiri ngazi zinavyopanda. Kwenye kilobaiti, tele inazidi mfuto kwa baiti 24 tu, asilimia 2.4, nani angegombana? Kwenye megabaiti ni karibu asilimia 5, gigabaiti 7.4, terabaiti karibu 10. Ndiyo maana ugomvi uliwaka diski zilipokuwa kubwa. Nchini Marekani wanunuzi walikwenda mahakamani. Mwaka 2006 watengenezaji wa diski Western Digital wakamaliza kesi kwa suluhu, na mwaka 2007 watengenezaji wenzao Seagate wakakubali kurudisha asilimia 5 ya bei au kutoa programu bure. Majina ya kutenganisha vipimo yalikuwepo tayari: tangu 1998 vipimo vya tele vina majina rasmi ya kimataifa, kibibaiti, mebibaiti, gibibaiti, tebibaiti. Linux huyatumia mara nyingi. Mac ilihamia mfuto mwaka 2009. Windows imebaki kuhesabu gibibaiti huku ikiandika GB, na kwangu mimi hapo ndipo kosa lilipo, kwenye lebo. Jina la ngazi ya juu kuliko zote lilikuja Novemba 2022: kweta, moja yenye sifuri 30, ambayo alama yake ni Q, herufi isiyokuwemo katika alfabeti yetu. Kwenye kwetabaiti, tele ingezidi mfuto kwa asilimia 26.8.

Kosa kubwa zaidi, hata hivyo, liko kwenye herufi moja. B kubwa ni baiti, b ndogo ni biti, na tofauti yake ni mara 8. Intaneti ya Mb 8 kwa sekunde hushusha MB 1 kwa sekunde. Faili la GB 1 litachukua dakika 16 na sekunde 40, wakati anayechanganya herufi anatarajia dakika 2 hivi.

Kuna pia flashi ya GB 32, tupu kabisa, inayokataa filamu ya GB 5. Haijaharibika. Imefomatiwa kwa FAT32, mfumo wa mwaka 1996 ambao faili lake haliwezi kuzidi baiti 4,294,967,295, yaani GB 4 za tele kasoro baiti moja. Ifomati upya kwa mfumo wa exFAT, itapokea.

Na exFAT ina kasoro yake. Flashi ya GB 64 iliyofomatiwa na Windows bila kubadili mipangilio hugawa nafasi kwa vyumba vya baiti 131,072, na kila faili lazima lipate chumba chake. Andika herufi moja tu, hifadhi, kisha angalia sifa za faili: ukubwa baiti 1, nafasi iliyochukua baiti 131,072. Mafaili 1,000 ya namna hiyo yana kilobaiti moja ya maandishi kwa jumla, na yamekula MB 131 za mfuto, au 125 za tele.