Fahamu: Mpira wa mkojo baada ya upasuaji wa fistula

Fistula ni nini?

Ni tundu kati ya kibofu na uke. Aghalabu hutokea uchungu wa uzazi unapokawia, kichwa cha mtoto kikabana nyama za sehemu hiyo hadi zikakosa damu na kufa. Mkojo huvuja usiku na mchana. Huko Kilifi, pwani ya Kenya, kutoka vijiji vya Ganze au Magarini hadi hospitali za Kilifi na Malindi ni mwendo, na uchungu haungoji gari.

Muuguzi hufanya nini?

Kwa fistula isiyo ngumu, Shirika la Afya Duniani (2018) linapendekeza mpira wa kutoa mkojo kwenye kibofu ukae siku 7 hadi 10 baada ya upasuaji. Muuguzi huufuata kwa vidole: umejikunja? Mama ameulalia?

Mfuko unaopokea mkojo ukae chini ya kibofu, usiguse sakafu. Shuka likilowa, mpira ndio wa kwanza kukaguliwa. Pengine umeziba tu. Na mama anywe maji mengi, ingawa wengi wamezoea kujinyima wasilowe.