Saa ya Milioni 14 Iliyoshindwa na Dhahabu

Novemba 2025 mjini Geneva, nyumba ya mnada ya Phillips iliuza saa moja ya mkononi ya Patek Philippe kwa faranga za Uswisi 14,190,000, ambazo ni kama dola milioni 17.6. Saa yenyewe ni toleo namba 1518: ina kronografu, yaani kipima muda, ina kalenda inayojirekebisha hata mwaka mrefu, na ganda lake ni la chuma cha pua. Patek ilitengeneza toleo hilo kati ya 1941 na 1954, jumla yake 281, karibu zote za dhahabu. Za chuma zinazojulikana duniani ni nne tu. Kwa wakusanyaji wa saa za zamani, hakuna cha juu zaidi ya hapo.

Saa hiyohiyo iliwahi kuuzwa na Phillips, mjini humohumo, Novemba 2016. Bei ya wakati huo ilikuwa faranga 11,002,000. Basi tupige hesabu. Kwa miaka tisa bei imepanda asilimia 29. Ukiigawa kwa mwaka, riba juu ya riba, haifiki asilimia 3. Na hapo bado tunawadanganya wasomaji, kwa sababu bei inayotangazwa na nyumba ya mnada ina ada ya mnunuzi ndani yake, fedha ambazo muuzaji hazigusi. Tuseme aliyeinunua 2016 ndiye aliyeiuza 2025. Ukiondoa ada, kwa makadirio yangu hakubakiwa na zaidi ya milioni 12 hivi, kabla hujagusa bima na kasiki la miaka tisa. Alitoa 11, akarudishiwa 12. Faida yake ni kama asilimia 1 kwa mwaka.

Sasa mfikirie mwenzake ambaye Novemba ileile ya 2016 alizipeleka faranga milioni 11 kwenye dhahabu, tena dhahabu ya kawaida ya vipande isiyo na hadithi wala cheti cha kumbukumbu. Wakati ule aunsi moja ilikuwa inachezea kati ya dola 1,200 na 1,300. Novemba 2025 ilikuwa imefika dola 4,000. Hata ukizingatia kwamba faranga nayo imepanda dhidi ya dola, fedha zake zimekua zaidi ya mara mbili na nusu. Ana milioni 28.

Hiyo ndiyo saa bora kuliko zote. Zilizo chini yake zina hali gani?

Kuyajua hayo inabidi turudi nyuma kidogo. Oktoba 2017, New York, Phillips waliuza Rolex Daytona ya mwigizaji Paul Newman kwa dola 17,752,500. Mkewe, Joanne Woodward, ndiye aliyemnunulia, akaichongesha nyuma maneno ya kumsihi aendeshe gari kwa uangalifu. Daytona za aina hiyo miaka ya 1960 zilikuwa za dola mia mbili na kitu, na mara nyingi zilikuwa zinalala kwenye kabati za maduka, hakuna anayezitaka. Bei ya Newman iliwaamsha watu ambao hawakuwahi kufikiri kwamba saa ni mali. Kisha ikaja korona. Watu wamefungiwa ndani, benki kuu ya Marekani imeshusha riba hadi karibu sifuri, bitcoin imepanda hadi dola 69,000 mwezi Novemba 2021, na simu iko mkononi. Mtu mwenye fedha za ghafla alihitaji kitu cha kuzionyesha.

Zilizowaka zaidi zilikuwa saa mpya. Daytona ya chuma ambayo dukani haikufika dola 15,000 mwanzoni mwa 2022 ilikuwa inabadilisha mikono kwa zaidi ya 40,000. Nautilus 5711 ya Patek, dukani dola 35,000 hivi, ilivuka 150,000. Saa za zamani zilipanda kwa mkumbo: aliyeshindwa kupata mpya alimgeukia dalali wa za babu zake, na madalali wakajaza stoo.

Machi 2022 riba ya Marekani ikaanza kupanda, na kufikia Julai 2023 ilikuwa asilimia 5.25 hadi 5.5. Bitcoin ikashuka chini ya dola 17,000. Nautilus ile ikarudi karibu na 100,000. Bei za saa zilizotumika zikateremka robo baada ya robo, na hadi 2025 ndipo zilipoanza kutulia. Viwanda navyo vikaonja: mauzo ya nje ya saa za Uswisi, yaliyoweka rekodi ya faranga bilioni 26.7 mwaka 2023, yakashuka hadi bilioni 26.0 mwaka 2024, na yale ya China pekee yakapungua kwa takriban robo. Agosti 2025 Marekani ikaongeza pigo, ushuru wa asilimia 39 kwa bidhaa za Uswisi, kabla ya makubaliano ya Novemba kuushusha hadi 15. Ushuru huo ulifuata mahali bidhaa ilipotengenezwa, kwa hiyo Rolex ya 1965 iliyotoka Milano kwenda Miami ilihesabiwa kama iliyotoka kiwandani jana.

Lakini mimi siamini kwamba habari kubwa ni kushuka kwa bei. Bei zimeshuka kiasi, na vitu hushuka. Habari ni gharama. Bei zinapopanda kwa kasi, gharama za kununua na kuuza saa humezwa na hakuna anayeziona. Soko likidorora, zinabaki peke yake mezani.

Tuchukue mfano wa kubuni, ila viwango vyake ndivyo vya kweli vya mnadani. Unainunua kronografu ya chuma ya miaka ya 1960. Nyundo inagongwa kwa dola 20,000. Unaongeza ada ya mnunuzi. Sotheby's Februari 2025 walianza kutoza asilimia 27 kwa bei hadi dola milioni 2, na wenzao hawakuwa mbali. Hiyo ni dola 5,400. Umelipa 25,400. Unaipeleka kwa fundi afungue mashine, aoshe, abadilishe springi na kutia mafuta. Tuseme dola 1,000, na kwa kronografu hiyo ni bei ya huruma. Sasa umetumia 26,400.

Baada ya miaka mitatu unataka fedha zako. Soko limeshuka asilimia 10 tu. Nyundo inagongwa kwa 18,000. Nyumba ya mnada inakata asilimia 10 ya muuzaji, unapata 16,200. Umepoteza dola 10,200, karibu asilimia 39 ya ulichotoa, katika soko ambalo kwenye taarifa limeshuka asilimia 10. Na ili utoke bila hasara, nyundo ingebidi igongwe kwa zaidi ya 29,300. Yaani saa inatakiwa ipande asilimia 47 ndipo urudishe mtaji. Bima sijaiweka, wala riba ambayo ungeipata benki.

Madalali wanalijua hilo kuliko wote, maana wao wanaishi ndani ya pengo hilo. Dalali wa saa za zamani hufunga mtaji wake kwenye bidhaa ambayo kila kipande ni cha peke yake. Wakati wa neema saa inakaa dirishani wiki tatu. Soko likipoa inakaa mwaka, na fedha aliyokopa inaendelea kuzaa riba. Ndiyo maana dalili ya kwanza ya kudorora haionekani kwenye bei. Tangazo linabaki palepale na bei yake ileile, mwezi baada ya mwezi, mwenye mali akikataa kukubali hasara. Atakayempigia na fedha taslimu ataambiwa bei nyingine, kwa sauti ya chini.

Jambo la pili linaloumiza ni uso wa saa. Katika saa ya zamani, thamani kubwa haiko kwenye mashine, iko kwenye kile kisahani chembamba chenye namba. Daytona mbili zenye mashine ileile ya Valjoux na ganda lilelile zinaweza kupishana bei mara tatu au nne kwa sababu moja ina uso wa kawaida na nyingine ina ule wa mtindo wa Newman, wenye vijiduara vya rangi tofauti na vimraba vidogo kwenye alama zake. Kisahani kimoja kubeba robo tatu ya bei ni mwaliko kwa kila mjanja mwenye brashi.

Novemba 2021, soko likiwa karibu na kilele chake, Omega Speedmaster ya 1957 ilipelekwa mnadani Geneva ikiwa na makadirio ya faranga 80,000 hadi 120,000. Ikauzwa kwa 3,115,500. Uso wake ulikuwa umebadilika kutoka mweusi kuwa kahawia kwa jua na miaka, na wakusanyaji hulipia kasoro hiyo kama urembo. Mnunuzi alikuwa Omega wenyewe, kwa ajili ya makumbusho yao. Mwaka 2023 kampuni ikatangaza kwamba saa ile ilikuwa imeungwaungwa kwa vipuri vya saa mbalimbali, na kwamba waliokuwa wafanyakazi wake watatu walihusika. Kampuni iliyotengeneza saa, yenye kumbukumbu za kiwanda na mafundi wake, ililipa zaidi ya milioni tatu kwa kitu cha kuunganishwa. Mnunuzi wa kawaida mwenye kioo cha kukuzia ana nafasi gani? Tangu hapo watu wanauliza maswali zaidi, na anayeuliza maswali hanunui haraka.

Wasomaji wenye ndugu Muscat huenda wamekutana na mfano mwingine wa uso unaobeba bei: saa zenye jambia. Sultan Qaboos wa Oman, aliyeshika madaraka 1970, alikuwa akiagiza saa za Rolex kupitia duka la Asprey la London zikiwa zimechapwa nembo ya jambia, azitoe kama zawadi kwa maofisa na wageni waliomtumikia. Alama ndogo ya rangi, pengine nyekundu, juu ya uso wa saa. Kwa hiyo jambia huipandisha saa bei mara kadhaa. Lile jambia ni wino. Bila karatasi ya Asprey au familia ya aliyezawadiwa, unanunua imani.

Oman pia imetupa somo la namna bei za mnadani zinavyotengenezwa. Novemba 2023, Christie's waliuza mjini Geneva saa zaidi ya 100 za mkusanyaji mmoja wa nchi hiyo. Muda mfupi kabla ya mnada walitangaza kwamba mkusanyiko mzima una dhamana. Maana yake mwenye saa ameahidiwa kiwango cha chini hata wanunuzi wasipojitokeza, na kuna mtu wa pembeni aliyekubali kubeba hatari hiyo kwa malipo. Ni halali kabisa. Ila soko lenye afya halihitaji mkongojo, na bei iliyopatikana kwa dhamana haikuambii vizuri kiasi ambacho watu wa ukumbini wangetoa kwa hiari yao. Humo ndimo ilimouzwa Rolex GMT-Master ya mwigizaji Marlon Brando kwa zaidi ya dola milioni 5. Mwaka 2019 ilikuwa imeuzwa kwa 1,952,000. Jina kubwa bado linauza. Lakini hata majina hayana hakika: Heuer Monaco moja ya mwigizaji Steve McQueen kutoka filamu ya Le Mans ilipata dola 2,208,000 Desemba 2020, na nyingine ya filamu hiyohiyo ikapata milioni 1.4 Desemba 2024.

Chini kabisa ya soko kuna balaa ambalo halitangazwi. Kwa aunsi ya dola 4,000, gramu moja ya dhahabu ya karati 18 ina thamani ya dola 96 hivi. Ganda la saa nyembamba ya kiume ya miaka ya 1960, ukitoa mashine, likiwa na gramu 12, ni zaidi ya dola 1,100. Yenye mkanda wa dhahabu, gramu 60 kwa jumla, inakaribia 5,800. Saa nyingi za namna hiyo, zenye majina ya kampuni zilizokufa wakati saa za betri za Wajapani, za kwotsi, zilipoivuruga Uswisi miaka ya 1970, mkusanyaji hazilipii kiasi hicho. Sonara analipa, tena leo, bila ada ya asilimia 27 na bila kuuliza kama uso ni wa asili. Mashine inatupwa kwenye kopo, ganda linaingia motoni. Nafasi ya kuipata tena saa hiyo ni sifuri.

Kwa hiyo kama kuna saa ya marehemu mzee kabatini, usiisugue ing'ae, wala usimruhusu fundi aupake uso rangi mpya. Mikwaruzo yake ndiyo ushahidi wake. Tafuta risiti, kasha lake, hata picha ya mzee akiwa ameivaa. Ikiwa ya dhahabu, ijue uzito wake kabla hujamwonyesha mtu. Na atakayekuambia kwamba inafika dola elfu kadhaa, usimwulize ina thamani gani. Mwulize atakulipa ngapi leo, taslimu, baada ya makato yote.