Mwanao Anajua Kuhesabu, au Anaimba Tu?

Wazazi wapenzi, mtoto wenu akitaja moja hata mia bila kukosa, msifanye haraka kufurahi. Huenda anaimba tu. Mpeni hesabu hii: 32 toa 17. Watoto wengi huandika 25. Kwa nini? Wameona 2 haitoshi kutolewa 7, wakageuza, wakatoa 2 katika 7. Mwalimu atia alama ya kosa, baba ashika fimbo, na mtoto asadiki kwamba yeye ni mjinga. Wala si mjinga. Hajaona bado namba hiyo ni kitu gani.

Basi jioni moja kaeni naye uani. Akate vijiti 32, avifunge kumi kumi kwa kamba za mgomba. Atapata mafungu matatu na vijiti viwili. Sasa atoe 17. Ataanza na saba, ataona vijiti viwili havitoshi. Ngojeni, msimwambie la kufanya. (Hapa ndipo baba wengi hushindwa kunyamaza.) Punde atafungua fungu moja mwenyewe, na vijiti vitakuwa 12. Akitoa saba, vyabaki vitano. Akitoa fungu moja, labaki moja. Kumi na tano! Huko ndiko “kukopa” anakofundishwa darasani, naye sasa amekushika mkononi.

Siku nyingine achore mchangani: mstari kwa kila fungu, nukta kwa kila kijiti. Tarakimu zije mwisho. Jerome Bruner, mtaalamu wa Marekani, aliieleza njia hii ya mkono, picha, kisha alama katika kitabu chake cha mwaka 1966. Lakini wazee wetu nao hawakuiona namba kwa sura moja tu. Neno “nane” latokana na “nne” iliyotajwa mara mbili katika lugha ya kale ya Kibantu. Mwambieni mtoto aonyeshe nane kwa vidole: kwanza vitano na vitatu, kisha vinne na vinne. Je, ni nane ileile? Mwacheni ajibu.

Mwisho ni fedha. Huku Tanzania shilingi 1,000 ni sarafu mbili za 500, au tano za 200, au kumi za 100. Azipange mkekani, ndipo mmtume dukani. Kabla hajaondoka ataje chenji itakuwa kiasi gani, na akirudi mwihesabu pamoja.