Kompyuta ikichemka, anza na vumbi

Je, mwanao analalamika kwamba mchezo wa kompyuta huanza vyema, kisha baada ya robo saa picha zinakwamakwama? Usikimbilie kugusa pesa za karo ili ununue mashine mpya. Prosesa nyingi, joto likikaribia nyuzi 100 za Selsiasi, hupunguza kasi zenyewe ili zisiungue. Mara nyingi adui ni vumbi.

Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme, kisha fungua ubavu wake. Shikilia feni isizunguke huku ukipangusa vumbi kwa brashi laini. Usiiweke kompyuta juu ya zulia wala kuibana ukutani. Ikizidi kuchemka, huenda grisi iliyo kati ya prosesa na chuma cha kuipoza imekauka. Mwachie fundi aibadilishe.