Malaria Iliyopanda Kichwani na Vipande vya Blantyre

Mtoto ana homa, mara degedege, kisha hazinduki. Kipimo cha damu kinaonyesha vimelea. Nyumbani na hospitalini jibu ni lile lile: malaria imepanda kichwani. Katika Hospitali Kuu ya Queen Elizabeth mjini Blantyre, Malawi, madaktari walitaka kujua kama jibu hilo ni sahihi kila mara. Njia ilikuwa moja tu, kuwaendea wazazi waliotoka kufiwa muda huo huo na kuwaomba ruhusa ya kuuchunguza mwili wa mtoto, ubongo wake ukiwamo. Ni ombi zito, na kulikubali ni kuzito zaidi. Wapo waliokubali.

Mwaka 2004 Profesa Terrie Taylor, aliyeongoza utafiti huo, na wenzake walitangaza matokeo ya watoto 31 waliokuwa wametambuliwa kuwa na malaria ya ubongo. Saba kati yao waliuawa na kitu kingine kabisa. Vimelea walikuwa navyo, lakini penye mbu wengi watoto chungu nzima hukimbia na kucheza wakiwa na vimelea damuni. Kwa karibu wote waliobaki, mishipa midogo ya ubongo ilikuwa imejaa chembe nyekundu zenye vimelea, zimenata kwenye kuta zake.

Watafiti wakarudi kwenye mafaili ya wagonjwa wale: ni dalili gani, mtoto akiwa hai, ingewatenga wa malaria na wasio wa malaria? Ilikuwa kwenye macho. Retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, huchipuka kutoka kwenye ubongo mimba ikiwa changa, na mishipa yake hupatwa na yale yale yanayoipata mishipa ya ubongo. Hugeuka rangi ya chungwa au nyeupe, retina hupauka mahali mahali, damu huvuja kwa madoa. Daktari akimulika kwa ofthalmoskopu, kifaa kidogo cha mkononi chenye taa na lenzi, huyaona. Akikuta retina safi, dawa ya malaria ataendelea kuitoa, ila atafute na jingine: homa ya uti wa mgongo, homa ya mapafu, sukari iliyoshuka. Kwangu mimi hili ndilo tunda kubwa, maana halihitaji maabara.

Vipande vya ubongo havikutupwa. Vilihifadhiwa ndani ya nta, na vingine vikapelekwa kwa wataalamu wa nchi nyingine. Mwaka 2011 zilitoka taarifa za watoto 50, uchunguzi ulioongozwa kutoka Vancouver, Kanada. Mwaka 2013 ikaonekana kwamba pale chembe zilipokuwa zimenata, protini moja ya ukuta wa mshipa, inayozuia damu isigande ovyo, ilikuwa imepungua sana. Mwaka huo huo kundi jingine likagundua kwamba mkono ambao kimelea hujishikizia nao, wa aina iliyokwisha kuonekana kwa wingi kwa watoto wa Tanzania wenye malaria kali, hudaka protini hiyo hiyo. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani wakakuta askari wa kinga ya mwili wamejazana kwenye mishipa ile, jambo lililokuwa likijulikana zaidi kwa panya. Mengi ya maswali haya hayakuwa yameulizwa bado siku watoto wale walipofariki.

Hapo ndipo penye utata. Mzazi aliridhia ijulikane kilichomuua mwanawe. Je, aliridhia na swali la miaka kumi baadaye, katika nchi asiyoijua? Hapa kwetu Tanzania, sampuli haivuki mpaka bila kibali na mkataba kupitia NIMR, Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Watafiti hulalamikia makaratasi hayo. Mimi nayaunga mkono, mradi mkataba utaje pia nani wa hapa nyumbani atafundishwa kuzisoma sampuli hizo. Hata hivyo hakuna karatasi inayoondoa ugumu wa msingi: tishu ya ubongo huharibika ndani ya saa chache, na saa hizo ndizo za kilio.

Ombi lenyewe, walau, laweza kupunguzwa uzito. Kisumu na Siaya, Kenya, CHAMPS, mradi unaochunguza sababu za vifo vya watoto, hutumia sindano kuchukua vipande vidogo vya viungo, ubongo ukiwamo, badala ya kupasua. Mwili hurudishwa kwa maziko bila kubadilika sura, na baadaye familia huelezwa kilichoonekana. Kwa baadhi yao, ndiyo mara ya kwanza kusikia jina la ugonjwa uliomchukua mtoto.