Goma: Floribert Bwana Chui na swali la "utajenga lini?"

Kijana akipata kazi kwenye mpaka mjini Goma, watu wa nyumbani hawaulizi sana mshahara wake ni ngapi. Wanauliza atajenga lini. Mpaka ni nafasi nzuri, na mbuzi, wanasema, hula pale alipofungwa. Mwaka wa kwanza ukipita bila kiwanja, wa pili bila gari, minong'ono inaanza: huyo mtoto hana akili, ao anakula peke yake.

Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma mwaka 1981, akasoma sheria, akaajiriwa na OCC, shirika la serikali linalokagua bidhaa. Kazi yake ilikuwa kusema chakula kipi kinaweza kuingia sokoni na kipi kiharibiwe. Mwaka 2007 wafanyabiashara walitaka apitishe mchele ulioharibika uliotoka Rwanda. Wakamtolea dola. Alipokataa, wakaongeza. Alimuuliza sista mmoja, rafiki yake, kama chakula kile kingewadhuru watu, kisha akabaki na jibu lake. Tarehe 7 Julai alitekwa. Siku mbili baadaye mwili wake ulipatikana, ukiwa na alama za mateso. Alikuwa na miaka 26, na alikuwa na mchumba.

Kwa hesabu ya mtaa, alishindwa. Na kile alichookoa hakina picha: watu wa Birere, wa Majengo, walionunua mchele mwingine wiki ile, wakala, wakalala, bila kujua kama kuna jambo lililowapita.

Kanisa Katoliki limehesabu kwa njia nyingine. Februari 2023, kwenye uwanja wa Martyrs mjini Kinshasa, Papa Francis aliwataja vijana jina lake na kuwaomba wakatae rushwa. Tarehe 15 Juni 2025 Kardinali Marcello Semeraro alimtangaza mwenye heri, mfiadini. Ibada ilifanyika Roma, katika basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya kuta. Goma ilikuwa mikononi mwa M23 tangu Januari.

Ni furaha kubwa kwa mji. Lakini tuseme ukweli: tunampenda Floribert kwa sababu amekwisha kufa. Angekuwa hai leo, na viatu vyake vile vile vya miaka mitatu, angekaa benchi gani kanisani?

Maana Jumapili, katika makanisa mengi, ya uamsho na hata parokia zetu, anayeitwa mbele ni mwenye funguo za gari jipya. Anashuhudia jinsi Mungu alivyomfungulia mlango, watu wanapiga makofi, kikapu kinajaa. Mlango gani, hakuna anayeuliza. Mchango wa paa la kanisa ukitangazwa, jina linalosomwa kwanza ni la mwenye bahasha nene. Sijasikia bado mtu akiitwa mbele kushuhudia kwamba bahasha aliirudisha.

Wengine watajibu kwamba njaa haihubiriwi. Ni kweli, tena zaidi tangu mabenki ya Goma yalipofunga milango mapema mwaka 2025. Mtu ana karo ya watoto, ana wadogo zake, ana kodi ya nyumba. Anayekataa matabishi anapoteza pesa, na mara nyingi anapoteza pia wakubwa wa kazi waliokuwa wanangoja sehemu yao. Kumwambia awe kama Floribert, halafu kumcheka kwenye matanga kwa sababu amekuja kwa mguu, ni kumuacha peke yake mara mbili.

Floribert mwenyewe hakuwa peke yake. Alikuwa na wenzake wa jumuiya ya Sant'Egidio, waliokuwa wakikutana kusali na kufundisha watoto wa barabarani, wale tunaowaita maibobo. Kwa watoto hao, mkubwa mwenye sifa alikuwa yule aliyejua majina yao. Goma kuna shule ya watoto yenye jina la Floribert. Hakuijenga yeye.