Tabia za Watu Kazini (1): Chumba cha Mafundi Kumi na Wanne

Leo tunaanza mfululizo wa makala kuhusu elimu inayochunguza tabia za watu ndani ya taasisi: kiwandani, ofisini, hospitalini, shuleni, hata kwenye chama cha ushirika. Elimu hii huuliza kwa nini watu wenye ujuzi uleule na mshahara uleule hujituma mahali pamoja na kutegea mahali pengine. Wanafunzi wa menejimenti huzikariri nadharia zake kwa ajili ya mtihani, na wengi wakishapewa cheo huziacha darasani. Kwa hiyo nadharia zitasubiri. Tuanze na watu wenyewe, katika kiwanda cha Hawthorne kilichokuwa Cicero, mji unaopakana na Chicago, Marekani.

Kiwanda hicho kilikuwa cha kampuni ya Western Electric, watengenezaji wa simu na mitambo yake, na kiliajiri makumi ya maelfu ya watu. Katika miaka ya 1920 wakuu wa viwanda walifuata sana mafundisho ya Frederick Taylor, mhandisi ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1911 alifundisha kwamba kila kazi ina njia moja iliyo bora, kwamba njia hiyo hupatikana kwa kupima kila tendo la mkono kwa saa, na kwamba mtu akilipwa kadiri ya anachozalisha ataongeza bidii. Katika hesabu hiyo mfanyakazi yuko peke yake na kazi yake na ujira wake. Jirani anayeketi naye benchi moja hayumo.

Mwaka 1924 wahandisi huko Hawthorne walianza kupima athari za mwanga kwa kazi. Walipoongeza taa, kazi iliongezeka. Ajabu ni kwamba hata kundi ambalo taa zake hazikuguswa nalo liliongeza kazi. Katika jaribio moja mwanga ulipunguzwa hadi ukakaribia ule wa mbalamwezi, na wafanyakazi wakaendelea vilevile. Mwaka 1927 wakachaguliwa wanawake sita, wakapewa chumba chao. Watano waliunganisha kwa mkono swichi ndogo za mitambo ya simu, kila moja ikiwa na vipande zaidi ya thelathini, na wa sita akawapangia vipande hivyo. Walipewa mapumziko mafupi, kisha marefu zaidi, wakapewa chakula kidogo cha asubuhi, wakapunguziwa saa za kazi. Uzalishaji ukapanda. Baadaye nafuu hizo ziliondolewa kwa muda, na bado hawakurudi walikoanzia.

Elton Mayo, Mwaustralia aliyefundisha Chuo Kikuu cha Harvard, pamoja na wenzake, walieleza kwamba wanawake hao walikuwa wamegeuka kikundi kilichosikilizwa na kuheshimiwa. Maelezo hayo yamo karibu katika kila kitabu cha somo hili, lakini yana pengo ambalo vitabu vingi hulipitia juu juu. Mwanzoni mwa mwaka 1928 wawili kati ya wanawake hao waliondolewa kwa sababu ya maneno mengi na kukosa ushirikiano, wakaletwa wengine waliofanya kazi kwa kasi. Tena malipo ya chumba hicho yalitegemea uzalishaji wa watu wachache hao badala ya idara nzima. Kumheshimu mfanyakazi ni jambo kubwa. Hata hivyo, anayewaambia mabosi kwamba heshima inaweza kushika nafasi ya mshahara hawatendei haki wanawake wale.

Kutoka hapo kampuni ilianzisha mahojiano, na wafanyakazi zaidi ya 20,000 wakapata nafasi ya kueleza ya moyoni. Sisi Watanzania tuna sababu yetu ya kulielewa hilo. Mwongozo wa TANU, chama tawala cha wakati huo, ulipotoka mwaka 1971 na kukataza viongozi kuwa na majivuno, dharau na ubabe, wafanyakazi wa viwanda kadhaa waligoma, na katika migomo mingi lalamiko lilikuwa namna bosi alivyosema na watu.

Ila chumba kinachonivutia kuliko vyote ni cha mwisho. Kuanzia Novemba 1931 wanaume 14 walichunguzwa wakiwa kazini: tisa wa kuunganisha nyaya za mitambo ya simu, watatu wa kulehemu, wawili wakaguzi. Walilipwa kwa mpango wa kikundi. Wakizalisha zaidi, wote wangepata zaidi. Lengo la kampuni kwa fundi wa nyaya lilikuwa viungo 7,312 kwa siku. Wao walikwishaamua kwamba 6,600 hivi vinatosha, na hapakuwa na karatasi yoyote iliyoandikwa hivyo. Aliyezidisha aliitwa mwenye kimbelembele. Aliyepunguza mno alikuwa mtegeaji anayekula jasho la wenzake. Mpeleka maneno kwa wakubwa hakuwa na rafiki. Aliyevuka mpaka alipigwa ngumi moja ya bega, naye aliruhusiwa kurudisha moja, basi. Siku waliyofanya kazi nyingi walificha ziada ili waitoe siku watakayochoka.

Watafiti waliwapima akili na wepesi wa vidole. Fundi aliyezalisha kidogo kuliko wote alikuwa wa kwanza kwa akili na wa tatu kwa wepesi. Uwezo alikuwa nao. Kilichoamua kiasi cha kazi yake ni mahali alipokaa kati ya wenzake.

Je, walikuwa wavivu? Sikubali. Waliogopa kwamba wakifikisha lengo, lengo lingepandishwa au kiwango cha malipo kingeshushwa, na wenzao wa polepole wangefukuzwa. Ulikuwa wakati wa mdororo mkuu wa uchumi. Mei 1932 chumba kilifungwa kwa kukosekana kazi. Mkuu anayekutana na kikundi cha namna hiyo, akajibu kwa waraka mkali na daftari la mahudhurio, atapata saini zote anazotaka, na viungo 6,600.

Msimamizi wa chumba kile alizijua hila zote. Aliona takwimu zikipikwa, akajua wanaume wanabadilishana kazi kinyume cha amri, na kwa wakubwa hakupeleka neno, kwani asubuhi iliyofuata angehitaji kufanya kazi na watu walewale. Kila taasisi ina watu waliosimama pale aliposimama yeye: kiongozi wa zamu, muuguzi wa wodi, mwalimu wa taaluma. Wiki ijayo tutamchunguza msimamizi huyo.